Oscar ana moyo mmoja tu

Swali: "Mimi ni fundi magari, mwanamke, nina miaka 26, niko Morogoro. Niliangalia filamu ya 2025 ya Waridi la Versailles, nikampenda Oscar kupita kiasi. Rafiki yangu aliyeumaliza mfululizo wa zamani akaniambia nisijidanganye: Oscar ni mwanaume aliyechorwa na mwili wa kike, na siku anapopenda ndipo uanamke wake unapoibuka na ushujaa unakwisha. Gereji wananiita jikedume, kwa hiyo neno hilo liliniuma. Wewe unayezifuatilia hadithi hizi niambie kweli: Oscar ni wa kiume, wa kike, au vyote viwili? Na mdogo wangu wa miaka 13 naweza kumwonyesha?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa neno lililokuuma, na ahsante kwa kuuliza. Rafiki yako amekosea, ila kuna mahali pamoja amepatia, na hapo hata mimi panaponichoma kila ninapourudia mfululizo ule. Tutapafikia. Kwanza niisimulie hadithi kidogo, kwa ajili ya wasioijua.

Riyoko Ikeda alianza kuichora mwaka 1972 katika Margaret, jarida la manga (hadithi za katuni za Kijapani) la wasichana, akaimaliza 1973. Toka Oktoba 1979 hadi Septemba 1980 ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Japani kama mfululizo wa katuni, sehemu 40. Mwanzoni Ikeda alikusudia kumsimulia Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa; wasomaji ndio waliomsukuma Oscar mbele mpaka akawa steringi. Oscar François de Jarjayes ni binti wa sita wa jenerali asiye na mtoto wa kiume, kazaliwa siku ya Krismasi mwaka 1755. Baba kachoka kungoja. Mtoto hata hajanyamaza kilio cha kuzaliwa, yeye keshakata shauri: huyu ndiye mwanangu wa kiume. Anampa jina la kiume, upanga, farasi, na mwenzake wa kucheza naye, André, mjukuu wa yaya wa nyumbani. Oscar anakua, anakuwa mlinzi wa Marie Antoinette, anapanda hadi ukamanda, na anafia Paris tarehe 14 Julai 1789, siku ngome ya Bastille ilipoanguka, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Ufaransa. Jenerali wa jina la Jarjayes alikuwepo kweli, na mwaka 1793 alishiriki mpango wa kumtorosha malkia kifungoni. Oscar ni wa kubuni.

Sasa, ili umwelewe Oscar inabidi umjue aliyemtangulia, maana naamini rafiki yako anamtazama Oscar huku akilini ana mtu mwingine bila kujua. Mwaka 1953 Osamu Tezuka alianza kuchora Ribon no Kishi, hadithi ya binti mfalme aitwaye Sapphire. Kabla hajazaliwa, malaika mmoja mtundu alimmezesha moyo wa mvulana, kisha akapewa na moyo wa msichana aliostahili kuupata. Akazaliwa na mioyo miwili. Ule wa kiume ndio unaompa upanga na ushupavu. Ule wa kike ndio unaompa upole na mapenzi. Ukitolewa wa kiume, nguvu zinamwishia mkononi katikati ya pambano. Ni hadithi tamu na nimeipenda tangu niliposoma mara ya kwanza, lakini angalia hesabu yake: ujasiri umewekwa chupa moja, huruma chupa nyingine, na mtu ni mahali pa kuzimiminia. Ukiongeza hii, ile inapungua.

Anayesema "siku anapopenda ushujaa unakwisha" anapiga hesabu ya Sapphire. Miaka karibu 20 baadaye Ikeda anakuja na msichana mwingine mwenye upanga, na jambo la kwanza analoliondoa ni uchawi. Kwa Oscar hakuna malaika wala moyo wa kumezeshwa. Kuna baba aliyetoa amri, na kuna miaka ya mazoezi ya upanga uani. Shabaha yake, hasira yake ya haraka, namna anavyosimama mbele ya mkubwa wake bila kupepesa macho, vyote amejifunza, na tunamwona akijifunza. Hili wewe unalijua kuliko mimi. Nati iliyoshika kutu haifunguki kwa sababu fundi ana moyo wa kiume. Unachomeka bomba kwenye mkono wa spana, urefu unaongezeka, unaegemea, inaachia. Anayekutazama kwa mbali anasema "huyu dada ana nguvu za kidume", wakati wewe unajua ni suala la urefu wa mkono na mahali pa kuegemea.

Wajapani wana sababu yao ya kulielewa hili mapema. Tezuka alikulia mji wa Takarazuka, ambako mwaka 1913 kilianzishwa kikundi cha uimbaji na maigizo chenye waigizaji wanawake watupu; kilipanda jukwaani mara ya kwanza 1914 na kipo hadi leo. Wanaoigiza wanaume wanaitwa otokoyaku, na wanafundishwa uanaume kama mtu anavyofundishwa ngoma: hatua ziwe pana kiasi gani, unakaaje kitini, sauti unaishusha mpaka wapi. Wanaoigiza wasichana nao wanafundishwa, wala hakuna anayesema "wewe ni mwanamke, hii utaiweza tu". Upande wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, ni kinyume chake: wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na tangu hapo wanaume wakaigiza wanawake kwa ustadi wa kushangaza. Kwa hiyo Takarazuka walipoipandisha Waridi la Versailles jukwaani mwaka 1974, Oscar alionekana kama aliyerudi nyumbani. Mwanamke anamwigiza mwanamke aliyelelewa kiume, na mtazamaji haoni tatizo lolote.

Halafu kuna Versailles yenyewe, kasri la wafalme wa Ufaransa. Wanaume wa pale walipaka poda, walivaa wigi, lesi shingoni, soksi ndefu za hariri, na viatu vya mchuchumio. Hao ndio walioitwa madume wa Ufaransa. Ikeda aliliona hilo na akalitumia vizuri: kope za Fersen, yule Mswidi mpenzi wa malkia, ni ndefu sawa na za Oscar. Funika nguo kwa kiganja, tazama nyuso tupu, utapata tabu kujua nani ni nani.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaosoma tafsiri chini ya skrini linatupita. Kijapani kina maneno mengi ya kusema "mimi". André anasema ore, neno la kiume na la kawaida la mtaani. Vijana wa kiume hutumia boku, na wasichana wengi hutumia atashi. Oscar anasema watashi, "mimi" la heshima ambalo mwanaume na mwanamke wote hulitumia katika mazungumzo rasmi, lakini namna anavyoifunga sentensi ni ya kijeshi, ya mtu anayetoa amri. Sikiliza sauti ya Reiko Tajima aliyemwigiza mwaka 1979: haikwaruzi koo ili ifanane na mwanaume. Ni sauti ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. Ikeda angeweza kumpa ore na mambo yakaisha. Hakumpa.

Kiswahili chetu kingeweza kumtendea Oscar haki kuliko lugha nyingi. "Alipanda farasi, akachomoa upanga, akalia." Nani huyo? Hujui, na wala huhitaji kujua. Lakini tusijisifu mapema, maana jinsia tuliyoiondoa kwenye nafsi tumeificha kwenye kitenzi. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Jaribu kuifasiri hadithi hii na utakwama hapohapo, kwenye kisa ambacho kwangu ndicho roho ya manga nzima.

Oscar ana miaka kama 33. Mapinduzi yananukia, na jenerali ameingiwa na hofu kwamba mwanawe atakufa vitani. Yule baba aliyemlea awe mtu wa kuoa sasa anataka aolewe, azae mrithi, akae salama. Girodelle, aliyekuwa msaidizi wake kikosini, analeta posa. Baba anaandaa karamu ya dansi ili waposaji wajitokeze na binti atokee na gauni. Katika manga, Oscar anaingia amevaa sare kamili ya kijeshi, anapita katikati ya waposaji kama hawapo, anawashika mikono akina mama na mabinti anacheza nao mmoja baada ya mwingine. Karamu inavunjika. Inachekesha, na mara ya kwanza nilicheka sana.

Lakini mbali na kicheko kuna mazungumzo ya baba na mwana. Oscar anamuuliza: kama ningelelewa kama binti wa kawaida, ningeozwa nikiwa na miaka 15 kama dada zangu? Ningejifunza kupiga kinanda na kuimba, nivae na kujipamba kila usiku, nizae na kulea? Baba anakubali kwamba ndiyo, ingekuwa hivyo. Na hapo Oscar anamshukuru. Anamshukuru kwa kumpa, yeye mwanamke, dunia pana kiasi hiki, na njia ya kuishi kama binadamu.

Rudia hapo polepole, dada. Hasemi "ahsante kwa kunifanya mwanaume". Anasema ni mwanamke, na kwamba alichopewa ni dunia pana. Baba alipomvisha sare alidhani anampa uanaume. Kumbe ndani ya furushi lile kulikuwa na vitu vingine kabisa: ruhusa ya kutoka nje, elimu, farasi, neno linalosikilizwa, haki ya kukataa posa. Vilifungwa pamoja na suruali kwa sababu Ufaransa ile haikuvitoa kwa njia nyingine. Oscar anafungua furushi, anachagua, na anajua anachokichagua. Wasichana waliokuwa wakisoma Margaret mwaka 1973 walikuwa na sababu ya kulia hapo; Japani ilikuwa bado miaka 12 kabla ya kupitisha sheria ya fursa sawa za ajira kwa wanawake na wanaume, ya 1985.

Sasa niende alipopatia rafiki yako.

Mfululizo wa televisheni ulibadilisha mkono njiani. Kuanzia sehemu ya 19 mwongozaji ni Osamu Dezaki, na picha inakuwa nzito zaidi, yenye giza na nzuri mno. Sehemu ya 25 Oscar anavaa gauni kwa mara ya kwanza, akacheze na Fersen anayempenda kimya kimya. Fersen hamtambui mara moja, kisha anaanza kumwona anafanana na mtu anayemjua, na Oscar anakimbia. Wengi husema hapa ndipo "uanamke wa kweli" unapojitokeza. Mimi naona tofauti. Gauni lile ni sare pia. Amelivaa kwa kazi moja, usiku mmoja, likashindwa kazi hiyo, na hakulivaa tena. Aliyelia usiku ule ni yuleyule aliyevaa koti la kamanda asubuhi.

Akiwa na jeraha hilo anaamua kuacha kikosi cha walinzi wa mfalme na kuishi kama mwanaume moja kwa moja. Sehemu ya 28 André, aliyempenda tangu utotoni na ambaye macho yake yanaanza kufa, anamwambia kwamba waridi ni waridi, lichanue jekundu au jeupe, haliwezi kuwa ua la lailaki. Maana yake: wewe ni mwanamke na utabaki mwanamke. Kisha anamkamata kwa nguvu na kumchania shati. Oscar analia, André anashtuka kwa alichokifanya, anaomba radhi, anaapa hatarudia.

Watu hulinukuu neno la waridi kama hekima ya hadithi yote. Naomba utazame limetamkwa na nani, lini, na mkono wake ukafanya nini dakika ileile. André pale ameumia na ana wivu, na alilolitaka ni kumthibitishia mwenzake jinsia yake kwa nguvu za misuli. Ni dhambi, na mfululizo unaionyesha kama dhambi. Ninachosikitika ni kwamba baadaye mfululizo unasahau haraka mno.

Na hapa ndipo penyewe. Sehemu ya 38, Julai 1789, kikosi chake kipya, walinzi wa Ufaransa, kinatakiwa kwenda Paris kuwakabili wananchi. Katika manga Oscar anaamua mwenyewe: anararua nembo za cheo, anakana ukabaila na mali yote aliyopewa na mfalme, anawaongoza askari kuvuka upande wa watu. Katika mfululizo wa televisheni anajiuzulu ukamanda na kusema yeye sasa ni mke wa André, atafuata njia atakayoishika mumewe. Askari Alain ndiye anayemwomba aendelee kuwaongoza. Tukio ni lilelile, ila uamuzi umehamishwa kutoka mdomoni mwa mwanamke ukapelekwa kwa mwanaume asiyeona, ambaye hata hakuuomba. Rafiki yako aliposema ushujaa unakwisha, naamini alikuwa anaikumbuka sehemu hii, na kwa hii namuunga mkono. Ni udhaifu wa walioandika mfululizo. Nisingependa aubebe Oscar.

Hata hivyo mfululizo wenyewe unajisahihisha ndani ya siku mbili za hadithi. Oscar amempenda André, wamelala pamoja, na tarehe 13 Julai André anapigwa risasi anakufa. Kama hesabu ya mioyo miwili ingekuwa kweli, huo ndio ungekuwa mwisho wa kamanda: moyo wa kike umejaa hadi juu, wa kiume umekauka. Asubuhi ya tarehe 14, akikohoa damu kwa kifua kikuu, anasimama mbele ya Bastille na kuamuru mizinga ifyatuliwe. Analengwa yeye kwa sababu wale wa ukutani wameshaona amri zinatoka kwa nani. Katika historia pia, askari wa kikosi hicho walioasi na mizinga yao ndio walioigeuza siku ile.

Niongeze kambi, kwa sababu ni gereji yako tupu. Anapohamia kikosi cha walinzi wa Ufaransa, askari wanakataa katakata kuamriwa na mwanamke. Anapigana nao, kweli, na upanga unamfungulia mlango. Ila upanga haukuwafanya wamfuate. Askari mmoja, Lasalle, anakamatwa kwa kuuza bunduki yake. Oscar hakujua kwamba vijana wake wanauza silaha na kuficha mgao wa chakula ili nyumbani watu wale. Anauliza, anasikia, anaona aibu kwa kutojua, anakwenda kumtoa Lasalle. Baada ya hapo wanamfuata. Ukimuuliza rafiki yako hapo ni tabia ya kiume au ya kike, sijui atajibu nini. Kamanda mzuri hufanya hivyo, na mama hufanya hivyo, na mwenye gereji mwenye akili hufanya hivyo.

Kwa hiyo swali lako, "wa kiume, wa kike, au vyote viwili", naliona limekaa vibaya kwenye hilo neno la mwisho. "Vyote viwili" ni Sapphire. Oscar ana moyo mmoja, na huohuo mmoja ndio unaokasirika, unaopenda, unaoona aibu, unaofyatua mzinga. Anajiita mwanamke bila kusitasita anapozungumza na baba yake, na havui sare ili alitamke.

Kuhusu jikedume: najua wenzako wengine wanakuita hivyo kwa sifa, kama tunavyomwambia mtu ajikaze kiume tukidhani tunamtia moyo. Lakini neno lenyewe limeunganisha majina mawili kana kwamba jike peke yake asingeweza kufungua injini, imebidi aazime dume. Wewe hujaazima. Wakikuita, waambie jina lako, au waambie "fundi". Halihitaji kiambishi cha jinsia, na Kiswahili kilishakupa.

Mdogo wako wa miaka 13 anaweza kutazama. Wasomaji wa kwanza wa manga hii walikuwa na umri kama wake. Ikiwezekana aanze na manga, ili mazungumzo yale na baba ayapate kabla ya mfululizo. Kwenye mfululizo asiruke sehemu za mwanzo hata zikionekana za kitoto, maana bila utoto wa Oscar na André uzito wa mbele haupo. Sehemu ya 28 usimwachie simu aitazame peke yake chumbani. Kaa naye, na shati likishachanwa simamisha picha umuulize anamwonaje André sasa. Ngoja ajibu kabla hujamwambia wewe unamwonaje.